Dokumentari za Kutazama Ukiwa Lamu: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Tunaonyesha filamu usiku, baada ya sala ya Isha, kwenye ua wa nyumba moja mtaa wa Langoni: shuka jeupe ukutani, projekta juu ya meza, kahawa chungu na kashata kwa anayetaka. Maswali ya watu yamekuwa mengi na yanajirudia, hapa uani na kwenye simu, na mengine yanatoka kwa ndugu zetu wa Malindi. Haya hapa majibu. Tumetaja zile tu zilizotukaa moyoni.

Sijawahi kumaliza dokumentari hata moja. Nianze na ipi?

Anza na My Octopus Teacher ya mwaka 2020. Mtu mmoja wa Afrika Kusini, Craig Foster, kazi imemchosha mpaka hana hamu tena ya kushika kamera. Anaanza kupiga mbizi kila siku kwenye maji baridi ya False Bay, karibu na Cape Town, bila mtungi wa hewa na bila nguo ya kuzuia baridi. Huko chini, kwenye msitu wa mwani mrefu, anakutana na pweza jike, naye anamfuatilia siku baada ya siku hadi mwisho wa uhai wake, ambao wote ni kama mwaka mmoja tu. Utamwona pweza akijifunika makombe na mawe mwili mzima ili papa asimtambue. Utamwona akinyofolewa mkono, halafu mkono mpya ukichipuka taratibu. Waongozaji ni Pippa Ehrlich na James Reed, na ilipata Oscar mwaka 2021.

Tulipoionyesha hapa, wavuvi ndio walioipokea kuliko wote. Ilipofika kwenye pango la pweza, nahodha mmoja aliomba isimamishwe, akasogea hadi kwenye shuka na kuwaonyesha vijana kwa kidole maganda ya kaa na makombe yaliyorundikana mlangoni. Akawaambia hivyo ndivyo anavyojulikana yumo: anakula ndani, anatupa nje. Kisha mazungumzo yakahamia Pate, ambako watu wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wanenepe kabla ya kuvuliwa. Filamu ikaendelea baada ya nusu saa nzima ya mabishano, na hakuna aliyelalamika. Dokumentari inayokurudisha kwenye bahari yako mwenyewe ndiyo ya kuanza nayo.

Iko inayoihusu Lamu yenyewe?

Iko. Itafute New Moon ya mwaka 2018, kazi ya Mkenya Philippa Ndisi-Herrmann. Alikuja Lamu akikusudia kutengeneza filamu kuhusu bandari mpya, na katika kukaa na watu wa hapa akasilimu. Filamu ikageuka, ikawa ni habari ya mwanamke na imani yake mpya, na mji uliompokea. Inakwenda polepole. Anayeitafuta kwa ajili ya hoja za LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, hatashiba, lakini anayetaka kuiona Lamu ikitazamwa na mtu aliyetulia, bila haraka ya mtalii, ataipenda.

Habari za bandari zenyewe zinahitaji filamu nyingine, tena ndefu. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa kujengwa Kwasasi. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa kule Manda Bay. Natamani siku moja nikae uani nitazame mambo hayo yakisimuliwa mwanzo hadi mwisho na wavuvi wenyewe, kwa lugha yao, mmoja wa Kizingitini na mwingine wa Amu, kila mtu na alivyoyaona.

Sisi wa Malindi je? Kila filamu ni tembo na simba.

Tazameni The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019. Kwa rai yangu hakuna dokumentari ya pwani yetu inayoipita. Kijana anayeitwa Karisa anaishi Mombasa, na kwenye Facebook anasoma kwamba nyanya yake anaitwa mchawi na watu wa ukoo wake mwenyewe. Anarudi kijijini, Kaunti ya Kilifi, kutaka kujua nani kasema na kwa nini.

Kila mtu wa Malindi anajua neno hilo linaweza kumpeleka wapi mzee mwenye mvi. Wazee wameuawa Kilifi kwa tuhuma kama hizo, na wengine wamekimbia mashamba yao. Kubwa la filamu hii ni subira yake. Haimpi mtu mmoja ubaya wote akabaki nao. Inakaa na mjukuu, na wajomba, na shangazi mwenye ulimi mkali, na inakaa zaidi na bibi mwenyewe, ambaye unamkuta shambani na jembe, anapalilia, huku vijana wake wakijadili hatima yake. Kidogo kidogo unaanza kuuona ule mzizi: ardhi. Nani atarithi, nani auze, nani anazuia kuuza kwa sababu bado yuko hai. Lugha ni Kiswahili na Kigiriama, kwa hiyo hata bibi yako ataielewa bila mkalimani. Kenya iliipeleka kuiwakilisha kwenye Oscar.

Nawaomba msiitazame peke yenu. Itazameni pamoja na wazee, kisha zimeni spika na muwaache waseme.

Wazee wetu watapenda nini?

Wanaume wa baraza wenye umri wa kukumbuka redio, wapeni When We Were Kings. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipigwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, lakini filamu yake, iliyoongozwa na Leon Gast, haikutoka hadi 1996. Pambano lilikuwa lichezwe Septemba. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa. Wiki hizo za kungoja ndizo utamu wa filamu: Ali anakimbia alfajiri barabarani huku watoto wanamfuata wakiimba, Miriam Makeba na James Brown wako jukwaani, na nyuma ya yote hayo yuko Mobutu anayelipa gharama kwa pesa za nchi. Halafu raundi ya nane. Wazee wanaojua mwisho wake tangu ujana wao bado huinuka vitini.

Kwa kina mama, na kwa kila apendaye taarab, iko As Old as My Tongue ya Andy Jones, ya mwaka 2006, kuhusu Bi Kidude wa Unguja. Anaonekana kama alivyokuwa: sigara mkononi, ngoma ya unyago katikati ya miguu, sauti kavu inayotoka tumboni. Hakuishi kwa kumwogopa mtu. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na waimbaji wa nyimbo za Siti binti Saad wa leo wengi wamepita kwenye njia aliyoishikilia yeye.

Na kuna The Africans: A Triple Heritage ya Profesa Ali Mazrui, sehemu tisa, iliyotoka mwaka 1986. Kijana wa Mombasa anasimama mbele ya dunia na kueleza Afrika kwa kichwa chake: urithi wa wenyeji, wa Uislamu na wa Magharibi. Huko Marekani iliwakera baadhi ya wakubwa, mpaka mkuu wa mfuko wa serikali uliochangia pesa akataka jina la mfuko liondolewe kwenye filamu. Picha zimezeeka, lakini hoja zake zingali zinawaka. Anzeni na sehemu mbili au tatu, msijilazimishe kuzimaliza usiku mmoja.

Watoto wangu wanataka katuni tu. Nifanyeje?

Wape The Elephant Queen ya 2019. Ni kundi la tembo la Tsavo likiongozwa na jike mkubwa aitwaye Athena wakati wa ukame, na pembezoni kuna chura, kobe, bata na wale wadudu wanaofingirisha mavi ya tembo. Mark Deeble na Victoria Stone walikaa miaka porini kuipata. Imetiwa Kiswahili pia, na imezungushwa vijijini kwa sinema ya gari. Mtoto wa Malindi aambiwe kwamba maji ya mto Galana yanayopita kwenye mbuga ile ndiyo yanayofika kwao yakiwa Sabaki, mekundu kwa udongo, na kumwagikia baharini.

Kwa wakubwa kidogo, Blue Planet II, sehemu saba za mwaka 2017, ambayo iliwaonyesha watu wengi kwa mara ya kwanza plastiki inavyofika mpaka kwenye vilindi. Ukimaliza, wakumbushe kwamba jahazi la plastiki lililoezekwa kwa ndara kama 30,000 zilizookotwa fukweni liliundwa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Wanafunzi wakishaliona hilo hawauulizi tena ule mkusanyo wa takataka ufukweni ni wa nini.

Wanaopenda mambo ya anga wape Apollo 11 ya 2019, ambayo haina msimulizi hata mmoja. Ni picha na sauti za siku zile zile za Julai 1969, binadamu alipofika mwezini. Kisha wapeleke Ngomeni. Kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei angani. Iliitwa Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake.

Na mpira?

Diego Maradona ya Asif Kapadia, 2019. Miaka ya Napoli, utukufu na maangamizi yake. Kwa asiyependa mpira, Kapadia huyo huyo alitengeneza Senna mwaka 2010, kuhusu dereva wa magari ya mashindano kutoka Brazil, na watu wasiojua lolote kuhusu mbio hizo huitazama wakimaliza wakiwa na machozi.

Je, kila kinachoonyeshwa kwenye dokumentari ni kweli?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na nawaomba watazamaji wasiache kuliuliza.

Nanook of the North ya Robert Flaherty, ya mwaka 1922, ndiyo mama wa filamu nyingi za aina hii. Inaonyesha familia ya Wainuiti kaskazini mwa Kanada. Lakini yule baba jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Aliombwa awinde kwa chusa ilhali watu wake walikuwa tayari wanatumia bunduki, na ile nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie na kamera iweze kuona. Ni picha nzuri mno, na ni maisha ya jana yaliyochezwa kana kwamba ni ya leo. Sisi wa Lamu tunalijua jambo hili vizuri. Ni mara ngapi mgeni mwenye kamera amemwomba mtu avue saa, afiche simu, apande punda na apite tena?

Hapa jirani kuna Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004. Ni Mwanza, ni sangara waliopandikizwa Ziwa Victoria, ni ndege za mizigo zinazopeleka minofu Ulaya huku watu wa pale wakibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Filamu ilisifiwa dunia nzima na ikafika kwenye orodha ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua Tanzania, na wavuvi na wafanyabiashara wengi wa samaki walikasirika kwamba riziki yao imepakwa matope. Mimi naona iko haja ya kuitazama, na iko haja ya kuwasikiliza waliokasirika. Umaskini ule haukubuniwa. Lakini mwenye kamera ndiye aliyeamua asubuhi gani iingie na ipi iachwe, na mtu wa Mwanza aliyekuwa na siku nzuri hakupata nafasi.

Mwaka 1999 Profesa Henry Louis Gates wa Marekani alipita pwani hii, Lamu ikiwemo, kwa ajili ya Wonders of the African World. Akawa anawauliza watu kama wao ni Waafrika au ni Waarabu, na jibu lisipomwingia, anaonekana kushangaa. Mazrui alimjibu kwa maandishi makali. Itazame uone: swali lililobebwa kutoka nyumbani kwake linavyoshindwa kuingia kwenye mlango wetu.

Kwa hiyo nikikaa kutazama, najiuliza nani ameshika kamera, nani amelipa, na nani angeweza kusema lakini hakuulizwa.

Nataka filamu nzito, lakini sitaki kukosa usingizi.

Basi Fire at Sea ya Gianfranco Rosi, iliyopata tuzo kubwa ya Berlin mwaka 2016. Ni kisiwa cha Lampedusa, Italia, ambako boti za wahamiaji hufika au hushindwa kufika. Upande mmoja kuna mtoto wa mvuvi, Samuele, na manati yake. Upande wa pili daktari wa kisiwa anayewapokea walio hai na kuwakagua waliokufa. Mtu wa kisiwani ataielewa kwa haraka. Na ndugu zetu wa Malindi, ambako kuna wauza duka na madereva wanaozungumza Kiitaliano kama cha nyumbani, watafaidi zaidi, ingawa Kisisilia cha wenyeji kitawapiga chenga kidogo.

Kwa anayeweza zaidi ya hapo: 5 Broken Cameras, ambayo Emad Burnat, mkulima wa kijiji cha Bil'in huko Palestina, aliianza kwa kamera aliyoinunua mwaka 2005 ili amrekodi mwanawe mchanga. Kamera zikavunjwa moja baada ya nyingine, na kila moja ina sehemu yake ya hadithi. Halafu For Sama ya Waad al-Kateab, 2019, mama aliyerekodi kuzingirwa kwa Aleppo kwa ajili ya binti yake. Hiyo ina damu na watoto hospitalini. Usiiwashe kukiwa na watoto chumbani, na usiiwashe kwa mtu aliyefiwa juzi.

Na anayetaka kulia kwa furaha: A Small Act, 2010. Mwalimu wa Sweden, Hilde Back, aliyenusurika Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, alimlipia karo mtoto wa Kenya ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto yule, Chris Mburu, akawa mwanasheria wa Umoja wa Mataifa na akaanzisha mfuko wa karo kwa jina la mama yule kabla hata ya kujua ni nani.

Mama yangu hasikii Kiingereza. Tutazameje pamoja?

Chagueni kwanza zile za lugha zetu, nilizozitaja juu. Kwa nyingine, fanyeni kama wanavyofanya kina DJ Afro na filamu za mapigano: mtu mmoja mwenye sauti na akili ya haraka akae karibu na spika atafsiri. Msimtafsirie neno kwa neno. Simamisheni kila baada ya muda, elezeni, endeleeni. Pia kuna filamu zisizohitaji maneno mengi. Honeyland ya mwaka 2019, kuhusu mwanamke mfuga nyuki wa Makedonia Kaskazini anayechukua nusu ya asali na kuwaachia nyuki nusu, huwa tunaionyesha na kueleza maneno machache tu, na kila mara watu wanajua ni wapi jirani mwenye tamaa ameharibu mambo.

Zinapatikana wapi bila kumaliza bando?

My Octopus Teacher iko Netflix, na Elephant Queen iko Apple TV (zamani Apple TV+). Zote mbili huruhusu kushusha filamu kwenye simu ukipata waifai, kisha utazame nyumbani bila intaneti. Kwa za Kenya na majirani, fuatilieni Docubox ya Nairobi, mfuko wa dokumentari ulioanzishwa na Judy Kibinge. Wao huonyesha na kusukuma kazi za huku. Waongozaji wa Kenya wengi wanajibu wakiandikiwa kwa adabu, hasa ukieleza ni mtaa gani na watu ni kina nani.

Nikitaka kuonyesha hadharani, kuna sheria?

Ndiyo. Filamu ya kuonyeshwa umma Kenya inatakiwa iwe imepitiwa na kupangiwa umri na bodi ya uainishaji wa filamu, na mwonyeshaji awe na leseni. Haki ya mwenye filamu ni jambo la pili na la lazima: kulipia Netflix nyumbani hakukupi ruhusa ya kuita mtaa mzima. Omba idhini kwa maandishi. Pia zungumza na jirani na imamu wa msikiti ulio karibu kuhusu saa na sauti.

Nataka kutengeneza yangu kuhusu mtaa wetu. Nina simu tu.

Tazama kwanza Thank You for the Rain, 2017. Kisilu Musya ni mkulima wa Mutomo, Kitui. Mwongozaji wa Norway, Julia Dahr, alimpa kamera, naye akarekodi ukame, mafuriko na dhoruba iliyomharibia nyumba, akifanya hivyo kwa miaka. Mwisho akafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Picha zake nyingi zinatikisika, na hakuna anayejali, kwa sababu hakuna mgeni ambaye angekuwa mle ndani usiku ule paa linaondoka.

Hapa kwetu kuna ya kurekodiwa tele: mafundi wa Matondoni wakiunda jahazi kwa macho bila mchoro, mchonga milango wa Mkomani, Maulidi ya Riyadha tangu maandalizi. Chagua moja tu. Omba ruhusa kabla ya kuinua simu, na ukiwa kwenye nyumba ya mtu au penye wanawake, omba tena. Wapo watakaokubali sauti yao isikike na uso usionekane. Kubali, rekodi mikono yao na kazi yao. Nunua kipaza sauti cha kubana shatini kabla ya kufikiria kamera nzuri. Upepo wa kusi utakumezea maneno yote. Na ukimaliza, waonyeshe wenyewe kwanza kabla ya kuwaonyesha wengine. Projekta yetu na shuka letu mnakaribishwa kuvitumia. Njooni mapema, stima hukatika saa mbili mara nyingi.